Nimeachika Uingereza, Tanga bado ni mke wa mtu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria,
Kwa Msajili Mkuu wa Ndoa na Talaka,
Kwa Mheshimiwa Jaji Mkuu,

Shikamooni wakubwa.

Naanza na muhuri, maana hapo ndipo nilipokwama.

Septemba 2024 nilisimama dirishani katika ofisi moja ya umma ambayo jina lake sitalitaja. Nilikuwa na bahasha ya kaki, na ndani yake hati ya talaka yangu kutoka mahakama ya Uingereza. Karani alikuwa kijana mpole. Aliipokea hati kwa mikono miwili, akaiinua kwenye mwanga, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele. Kisha akalamba kidole gumba, akakisugua juu ya muhuri wa mahakama, akakitazama. Kilikuwa kisafi.

"Dada, huu muhuri umechapwa. Wino uko wapi?"

Nikamweleza kwamba kule siku hizi talaka inaombwa mtandaoni na hati ya mwisho inatumwa hivyo hivyo, muhuri ukiwa ndani yake, nami niliichapisha tu steshenari. Alinisikiliza mpaka mwisho, sina ugomvi naye. Halafu akanirudishia bahasha yangu.

"Hata ungekuwa wa wino, hii ni talaka ya huko kwao. Huku bado ni mke wa mtu. Kafungue shauri upya, uanzie kwenye baraza la usuluhishi."

Nikasuluhishwe na nani? Mwanamume mwenyewe yuko Coventry, kule Uingereza, na mke mwingine, ndoa halali kabisa, na waliomwozesha walimwozesha kwa hati ile ile. Kwake yeye ni talaka, kwangu mimi ni karatasi ya steshenari.

Niwaeleze kwa kifupi nilikotoka. Tulifunga ndoa ya serikali hapa Tanga mwaka 2006, bomani, mashahidi wawili na soda. Mwaka 2009 tukahamia Coventry. Watoto wawili tukawazaa huko. Kilichovunja ndoa hakiwahusu na hakinihusu tena. Sheria ya Uingereza ilibadilika Aprili 2022: hakuna tena kunyoosheana vidole nani kafanya nini, mnatamka tu kwamba ndoa imekufa, na mkikubaliana mnaweza kuomba wote wawili kwa ombi moja. Sisi tuliomba pamoja. Ukishaomba unasubiri wiki 20, unapata amri ya masharti, unasubiri tena wiki 6 na siku moja, ndipo unaomba amri ya mwisho. Zile wiki 20 wameziweka makusudi ili mtu apate nafasi ya kujirudi. Hatukujirudi. Machi 2023 kila mmoja akapokea amri yake ya mwisho, mimi nikiwa kazini, zamu ya usiku, nikaisoma kwenye simu karibu na mashine ya chai.

Mwaka uliofuata nikarudi nyumbani.

Sasa, wakubwa, nilipoambiwa kwamba talaka ya nje haitambuliki, niliamini. Nani abishane na dirisha? Miezi minne nilitembea nikijua kwamba sheria ya nchi yangu ndiyo inayonikataa. Aliyenitoa kwenye giza hilo ni mzee mmoja mstaafu wa mahakama, jirani yetu Chumbageni. Nilikuwa nimempelekea embe, nikamsimulia. Akaniambia, "Kaa hapa mwanangu," akaingia ndani, akatoka na kitabu kilichokatika mgongo na miwani iliyofungwa kwa uzi. Kilikuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Akafungua kifungu cha 91, akakisoma polepole kwa Kiingereza, kisha akanifasiria.

Kwa lugha ya barazani kinasema hivi. Mahakama yenye mamlaka ya nchi ya nje ikitoa hukumu katika shauri la ndoa, iwe ndoa hiyo ilifungwa Tanzania au kwingineko, hukumu hiyo itatambuliwa hapa kwa shughuli zote za kisheria, kama wanandoa walikuwa na makazi yao ya kudumu katika nchi hiyo, au kama mahakama hiyo ilipata mamlaka kwa sababu zinazolingana na zile ambazo zingeipa mamlaka mahakama ya Tanzania. Mzee akarudi nyuma kurasa chache, akanionyesha sababu zenyewe: mtu anaweza kuomba talaka hapa kwetu ikiwa ameishi Tanzania walau mwaka mmoja kabla ya kufungua shauri. "Wewe Coventry umekaa muda gani?" Nikasema zaidi ya miaka 13. Akacheka, akafunga kitabu, akaanza kumenya embe.

Miaka zaidi ya 50 kifungu hicho kipo. Kimeandikwa kabla mimi sijazaliwa. Na si hicho peke yake: kifungu kinachofuata kinashughulikia hata talaka zilizotolewa nje bila mahakama, mradi zilikuwa halali kwa sheria ya nchi ambayo wanandoa ndiko kwao. Hapo ndipo wanapoingia dada zetu walioolewa Muscat na kwingine Arabuni wakarudi na karatasi ya Kiarabu ambayo hakuna dirisha linalojua la kuifanyia. Wenzetu wa Kenya nao wameliandika jambo hili, kifungu cha 61 cha Sheria yao ya Ndoa ya 2014. Kwa hiyo sikuja kuwaomba mtunge kitu kipya. Najua Sheria ya Ndoa ni moto. Mahakama ya Rufani ilishatoa uamuzi Oktoba 2019 kuhusu vifungu vya 13 na 17, umri wa kuolewa wa mtoto wa kike, na kila mtu anajua mjadala huo umeburuzwa kiasi gani. Mimi sitaki mfungue sheria hiyo kwa ajili yangu. Nataka ifike dirishani.

Maana kinachotokea sasa ni hiki: kila ofisi inajitungia sheria yake. Dirisha la kwanza liliniambia nifungue talaka upya. La pili likasema hati ipitie ubalozini kwanza. Hilo nililielewa, lina mantiki. Burundi na Rwanda wamejiunga na mkataba wa Apostille wa 1961, ambapo cheti kimoja cha nchi iliyotoa hati kinatosha. Sisi hatukuwamo, kwa hiyo hati yangu ilibidi ithibitishwe na wizara ya mambo ya nje ya Uingereza, kisha ipelekwe ubalozi wetu London. Rafiki yangu wa Coventry alinifanyia kazi hiyo, Mungu ambariki, kwa nauli yake ya treni. Hati ikarudi na kipande cha karatasi kimebandikwa nyuma, na muhuri wa wino, mzuri, wa bluu. Nikaenda nao kwenye dirisha la pili kama bibi harusi. Wakasema sasa ni nzuri, lakini iko kwa Kiingereza, na lugha ya mahakama zetu ni Kiswahili. Kweli, tangu 2021 sheria imesema hivyo, nami nimefurahi kama Mtanzania yeyote. Lakini aliyeniambia maneno hayo alinipa fomu ya kujaza iliyokuwa kwa Kiingereza. Nikapeleka hati BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, ikatafsiriwa. Dirisha la tatu likaniuliza, kwa nini umeleta tafsiri?

Wakili mmoja nikamwendea. Akaniomba shilingi milioni tatu na nusu aniandalie talaka mpya, "iwe safi". Nikamuuliza kuhusu kifungu cha 91. Akanyamaza kidogo, akasema hicho kipo lakini hakitumiki. Nimelifikiria sana neno hilo. Kifungu cha sheria ya Bunge hakitumiki kwa amri ya nani?

Mtasema, mama huyu ana haraka ya nini, si akae tu na hati yake? Niwaonyeshe kwa nini haiwezekani kukaa.

Nina kiwanja, nilikinunua baada ya talaka kwa pesa ya zamu za usiku. Nilitaka kujenga fremu tatu za biashara kando ya barabara, nikaomba mkopo benki. Afisa mikopo alikuwa binti mchangamfu, mambo yakaenda vizuri mpaka ukurasa wa nne wa fomu: ridhaa ya mwenza. Kumbukumbu zao zinasomeka nimeolewa, kwa cheti cha 2006. Sharti lenyewe la ridhaa ya mume au mke nyumba ya familia isiwekwe rehani kimyakimya naliunga mkono kwa mikono miwili, limewaokoa wanawake wengi waliokuwa wakija kushtuka dalali yuko mlangoni na spika. Lakini mimi niliambiwa nimtafute mtalaka wangu aweke saini ya kuridhia niweke rehani kiwanja ambacho hajawahi kukiona, nilichokinunua akiwa si mume wangu. Nikampigia. Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akasema kitu cha maana: "Nikisaini kama mume wako, mimi huku si nitakuwa nina wake wawili?" Uingereza hilo ni kosa la jinai. Fomu iko kabatini mpaka leo, mstari wa jina la mwenza uko wazi.

Na nikifa je? Samahani kwa kulitaja, lakini sisi watu wa Pwani kifo tunakitaja. Nikifa kesho, kwa kumbukumbu za serikali nimeacha mjane wa kiume Coventry. Akitaka anaweza kuja kudai nafasi yake kwenye mirathi. Yeye hana nia hiyo, namjua. Lakini mmewahi kukaa kwenye msiba ambapo wanafika wake wawili, mmoja na cheti cha ndoa na mwingine na miaka kumi ya kumuuguza marehemu, na ndugu wamegawanyika turubai kwa turubai? Mimi nimekaa. Kadi za mifuko ya hifadhi ya jamii, nyumba, hata nani asimame karibu na kaburi, vyote viligombewa pale pale, kwa sababu talaka iliyopatikana nje haikuwa imeandikwa mahali popote hapa nchini.

Kuna jambo lingine linaloniuma zaidi, nalo halisemwi. Mwanamume aliyefunga ndoa inayoruhusu mke zaidi ya mmoja, talaka yake ya nje ikikataliwa dirishani, anaweza kuoa tena wakati akisubiri. Sheria inamruhusu. Mwanamke hana njia hiyo. Kifungu cha 15 kinasema mwanamke mwenye ndoa hawezi kufunga ndoa nyingine ndoa ya kwanza ikiwa hai, na ndoa hiyo ya pili ni batili. Kwa hiyo kila siku ambayo hati yangu inakaa bila kutambuliwa ni siku ambayo mimi peke yangu ndiye nimefungwa. Ndiyo, yupo mtu. Ni mvuvi, mjane, mtu wa makamo, mvumilivu kuliko mimi. Tulitaka kutoa taarifa ya kusudio la kuoana, zile siku 21 zianze kuhesabika. Mfungishaji ndoa alipouliza "Umewahi kuolewa?" nikasema ndiyo, nikatoa bahasha. Akaiangalia kama mtu aliyeonyeshwa samaki aliyelala.

Lakini sitaki mnione kama ninayetaka kila karatasi ya nje igongwe muhuri bila kuangaliwa. Yuko mama mmoja wa Muheza, ameniruhusu nisimulie bila jina. Mumewe alikwenda Marekani, akatuma pesa miaka mitatu, akanyamaza. Siku moja wakaja ndugu wa mume na karatasi: mmeachana, ondoka kwenye nyumba. Ilikuwa hukumu ya mahakama ya huko. Taarifa ya shauri, kama iliwahi kutumwa, ilitumwa kwenye anwani ya nyumba ya kupanga waliyohama zamani. Mama huyo hakuwahi kuitwa, hakuwahi kusikilizwa, hakujua kama kuna kesi. Naye akipeleka malalamiko yake anakutana na madirisha yale yale: huyu anamwambia talaka hiyo si kitu, yule anamwambia imeshakuwa. Mimi nataka talaka yangu itambuliwe, yeye anataka ya kwake ichunguzwe, na wote wawili tunahitaji kitu kimoja: mtu mwenye jina na cheo, ambaye kazi yake ni kuiangalia hati na kujibu.

Na hata kama ya kwake ingetambuliwa, nyumba ya Muheza isingetakiwa kwenda na upepo. Kuvunjika kwa ndoa ni jambo moja, mgawanyo wa walichochuma ni jambo la pili. Mahakama ya Rufani ilishasema tangu 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali. Huyu mama alilima, alifyatua matofali ya nyumba hiyo kwa mikono. Mahakama ya Marekani haikuyaona matofali.

Nchi nyingine si wapole kuliko sisi. Rafiki yangu aliachana hapa nyumbani na mume wake Mkenya, baadaye akataka kuolewa Hamburg. Ujerumani talaka ya nje haipiti hivi hivi: mamlaka ya sheria ya jimbo ndiyo inayoikagua na kuithibitisha kabla hujaolewa tena. Walimtaka hati halisi, tafsiri ya mfasiri aliyeapishwa, uthibitisho kwamba mume aliitwa mahakamani. Walimkagua kuliko nilivyowahi kukaguliwa mimi. Ila alijua ofisi ni ipi na fomu ni ipi, na jibu lilikuja kwa maandishi.

Ombi langu basi ni waraka. Ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, ubandikwe kwenye kila ofisi inayofungisha ndoa na upelekwe kwa kila benki, useme mtu mwenye talaka ya nje anaipeleka kwa nani. Kusajili talaka ni kazi ya Msajili Mkuu tayari. Waraka useme hati zipi anazitaka, na kwamba muhuri wa kielektroniki unakubalika hati ikishathibitishwa na ubalozi, kwa sababu mahakama za wenzetu zimeacha wino na hazitarudi kwenye wino kwa ajili yetu. Useme nani anatafsiri. Useme lazima kuwe na uthibitisho kwamba upande wa pili uliitwa au ulishiriki, kwa ajili ya yule mama wa Muheza. Useme jibu litoke ndani ya siku ngapi, hata mkisema 60 nitashukuru, na likiwa ni hapana, liandikwe na sababu zake, ili mtu awe na cha kupeleka mahakamani. "Haitambuliki" ya mdomo haikatiwi rufaa.

Na kwako Mheshimiwa Jaji Mkuu, pale Msajili anapopata shaka, mahakama itoe tamko tu kuhusu hadhi ya mtu: ameolewa au hajaolewa. Mahakimu waelekezwe kwamba shauri la namna hiyo si talaka mpya. Halina haja ya kupitia baraza la usuluhishi, halina haja ya mimi kusimama mbele ya watu wazima watatu nieleze upya kwa nini ndoa ilikufa, wakati aliyekuwa mume wangu hayupo wa kunijibu wala hana anachodai. Mabaraza yale yana kazi ya kutosha ya ndoa zilizo hai.

Wa Zanzibar watanisamehe kwamba nimezungumzia sheria ya Bara tu. Hii ya 1971 haivuki bahari, wao wana utaratibu wao, na kule waliorudi kutoka Oman ni wengi kuliko huku. Barua yao waiandike wenyewe, wanajua zaidi.

Bahasha yangu ninayo. Ndani mna amri ya mwisho ya Machi 2023, uthibitisho wa wizara yao, muhuri wa ubalozi wetu London, tafsiri ya BAKITA, cheti cha ndoa cha 2006, na barua ya mtalaka wangu aliyoiandika kwa mkono kwamba hana pingamizi. Nimeiweka kwenye mfuko wa nailoni kwa sababu ya mvua za vuli. Nitakuja nayo Dodoma, Dar es Salaam au popote, kwa basi la usiku. Niandikieni tu ni dirisha lipi.

Wenu mtiifu,
Mama wa watoto wawili, Tanga

Nakala: Gavana wa Benki Kuu, kwa ajili ya ule ukurasa wa nne.